Kutunza na kubadilishana taarifa za mazingira baina ya nchi jirani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa maofisa wa mazingira, watunza data, wahadhiri na watu wa asasi za kiraia waliokabidhiwa kazi ya aina moja: nchi kadhaa zina mto, ziwa, bahari au msitu wa pamoja, na zinatakiwa kujua kwa pamoja hali yake ikoje. Majibu ni marefu pale kazi inapokwama mara nyingi, na mafupi pale ambapo njia inajulikana.

Kwa nini kazi hii ifanywe na kanda nzima? Kila nchi si ina wizara yake ya mazingira?

Inayo, na wizara hiyo ndiyo msingi. Lakini mto hausimami mpakani, wala moshi, wala samaki.

Usiku wa tarehe 30 Januari 2000, bwawa la mabaki ya mgodi wa dhahabu lilipasuka karibu na mji wa Baia Mare, Rumania. Takriban mita za ujazo 100,000 za maji yenye sianidi ziliingia mitoni, zikavuka mpaka hadi Hungaria kupitia Mto Tisza, kisha zikafika Danube. Samaki walikufa kwa wingi wa kutisha. Hungaria ilikadiria zaidi ya tani 1,000. Hata hivyo, nchi za bonde la Danube zilikuwa na mfumo wa pamoja wa tahadhari ya ajali uliokuwa ukifanya kazi tangu 1997. Kila nchi ina kituo chake chenye jukumu la kupokea na kutuma taarifa, na taarifa ya ajali ina fomu yake inayojulikana na wote. Kwa hiyo waliokuwa chini ya mkondo walijua sumu inakuja, wakapima, wakachukua hatua, ikiwemo kufunga kwa muda bwawa la Ziwa Tisza. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa iliyofuata ilisema wazi kwamba kupashana habari kwa wakati kulipunguza madhara.

Mfumo ule haukuundwa usiku ule. Ulikuwa umekwisha kujaribiwa, na watu wa zamu walikuwa wakijuana. Huo ndio uwezo wa kanda unaozungumzwa hapa.

“Kujenga uwezo” ni nini hasa? Si ni semina?

Semina ni sehemu ndogo sana. Mtu huhudhuria siku tano, hurudi na cheti, hukuta kompyuta yake haina programu aliyofundishwa na mkuu wake hana habari. Baada ya miezi sita amesahau, au amehamishwa.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: anayeshika mfumo leo akihamishwa kesho, je, takwimu za robo mwaka ijayo zitatoka kwa wakati, na kwa namna ile ile? Jibu likiwa ndiyo, uwezo upo. Likiwa hapana, kilichopo ni mtu mmoja hodari, naye anaweza kuondoka.

Ili jibu liwe ndiyo lazima pawepo nafasi ya kazi iliyomo kwenye muundo wa utumishi, yenye mshahara wa serikali na majukumu ya data yaliyoandikwa waziwazi, si kazi ya ziada anayopewa mtaalamu wa misitu akipata muda. Lazima pawepo mwongozo ulioandikwa wa kila hatua, kutoka sampuli hadi jedwali. Lazima pawepo mtu wa pili anayejua kazi ya wa kwanza. Vifaa vinakuja baada ya hapo. Nimeona miradi mingi ikianza na seva na kumalizia na watu, na ninaamini mpangilio huo ndio unaozika mifumo mingi kuliko ukosefu wa fedha.

Mafunzo yanayofaa zaidi ni ya kukaa na kazi halisi: ofisa anakwenda ofisi ya nchi jirani kwa wiki kadhaa akiwa na data zake mwenyewe, anazisafisha pamoja na wenzake, anarudi na jedwali lililokamilika. Anarudi pia na namba ya simu ya mtu anayeweza kumuuliza.

Kuna kanda zilizofanikiwa ambazo tunaweza kujifunza kwazo?

Zipo, na hazifanani.

Ulaya wameweka uzito kwenye sheria na mtandao wa watu. Shirika la Mazingira la Ulaya liliundwa kwa kanuni iliyopitishwa 1990, likaanza kazi mjini Copenhagen mwaka 1994, na sasa lina nchi wanachama 32. Linategemea mtandao uitwao Eionet, ambamo kila nchi ina mratibu wa taifa anayejua nani ana data gani nchini kwake. Nchi hujulikana hadharani zikichelewa kuwasilisha, na hilo huwasukuma.

Visiwa vya Pasifiki wana tatizo tofauti: nchi ndogo, bahari kubwa, ofisi ya mazingira pengine yenye watu wachache sana. Kupitia sekretarieti ya mazingira ya kanda yao iliyoko Apia, Samoa, nchi 14 zilijengewa kila moja hazina yake ya data kwa programu ya aina moja. Ufundi mgumu hushughulikiwa pamoja, ila kila nchi ndiyo yenye data zake na ndiyo inayoamua nini kionekane.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Ziwa Victoria. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liliundwa kwa mkataba wa 1994, na makao yake yako Jinja, Uganda. Tangu 2000 nchi tatu za ziwa hilo zimekuwa zikifanya sensa ya uvuvi, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili. Wahesabuji hupita mwalo kwa mwalo wakiandika wavuvi wangapi, mitumbwi mingapi, ipi ina injini, nyavu za ukubwa gani wa matundu, ndoano ngapi, kokoro ngapi. Fomu ni moja kwa Tanzania, Uganda na Kenya, na kuhesabu hufanyika kipindi kimoja. Hilo la kipindi kimoja lina maana kubwa: mtumbwi unaovua upande huu leo unaweza kuwa upande wa pili wiki ijayo, na ukihesabiwa mara mbili, mjadala wa kupunguza mitumbwi unaanza na namba isiyo ya kweli. Hapo hakuna teknolojia ya ajabu. Kuna fomu iliyokubaliwa, mafunzo ya wahesabuji na nidhamu ya tarehe.

Tumekusanya majedwali kutoka nchi tano na hayalingani. Tatizo liko wapi?

Mara nyingi hakuna aliyekosea. Kila nchi imeandika sahihi kwa utaratibu wake. Chukua kituo kimoja cha kupima ubora wa maji mtoni, usome mstari wake mmoja taratibu.

Safu ya kwanza ni tarehe: 03/04. Ni tarehe tatu Aprili au tarehe nne Machi? Kwenye mto wenye msimu wa mvua, mwezi mmoja unabadili kila kitu. Kubalianeni kuandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, na shaka hiyo itaisha kabisa.

Safu ya pili ni mahali. Mmoja ameandika nyuzi na dakika, mwingine desimali. Nyuzi 2 na dakika 30 ikiandikwa 2.30 badala ya 2.5, kituo kimehama kama kilomita 22. Alama ya kutoa ikisahaulika kwa kituo kilicho latitudo 2.5 kusini ya ikweta, kitaibuka kaskazini, zaidi ya kilomita 500 kutoka mahali pake. Haya huonekana kwenye ramani. Yasiyoonekana kirahisi ni ya rejeo la ramani, yaani msingi ambao latitudo na longitudo hupimwa kutoka kwake: vituo vilivyosomwa kwenye ramani za zamani za Afrika Mashariki zilizochorwa kwa rejeo la Arc 1960 hutofautiana kwa takriban mita 300 na vile vilivyosomwa kwa GPS. Kwa kituo kilicho karibu na mahali mito miwili inapokutana, mita 300 zinaweza kukihamisha kutoka mto mmoja hadi mwingine.

Safu ya tatu ni nitrati, na hapa ndipo nimeona mabishano marefu yasiyo na sababu. Nchi moja inaandika 44, jirani anaandika 10, wote kwa miligramu kwa lita, na maji ni yale yale. Maabara ya kwanza imepima nitrati yote. Ya pili imehesabu naitrojeni iliyomo ndani ya nitrati hiyo. Uwiano wake ni kama 4.43. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita ya nitrati, sawa na takriban 11 ya naitrojeni. Kwa hiyo mtu anayesoma 44 na 10 bila kujua vipimo anaweza kudhani upande mmoja unachafua mto mara nne kuliko mwingine, akaandika hivyo kwenye ripoti inayokwenda kwa mawaziri.

Safu ya nne ina sifuri. Ni sifuri ya kweli, au kifaa kiliharibika, au kiasi kilikuwa chini ya kiwango ambacho maabara inaweza kukigundua? Hayo ni majibu matatu tofauti na kila moja linahitaji alama yake. Nafasi tupu nayo isitumike kwa maana mbili.

Dawa ni kukaa pamoja na kuandika kamusi ya data ya kanda: kila kipimo, jina lake, kizio chake, njia ya kupima, na namna ya kuandika kinachokosekana. Kurasa 15 zinazofuatwa zinatosha. Pamoja na hilo, maabara zote zitumiwe sampuli ile ile mara kwa mara na majibu yalinganishwe; maabara za bonde la Danube zimefanya hivyo kwa miaka mingi. Bila zoezi hilo hatuwezi kujua kama tofauti iko kwenye maji au kwenye maabara.

Je, tatizo hili lipo pia kwenye misitu?

Lipo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, huhesabu msitu kuwa eneo la zaidi ya hekta 0.5 lenye miti ya zaidi ya mita 5 na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Nchi nyingi zina viwango vyao kisheria, vingine vikitaka mfuniko wa asilimia 30. Ukijumlisha hekta za nchi mbili zenye viwango tofauti, umejumlisha vitu viwili. Si lazima nchi ibadili sheria yake. Itoe namba mbili, ya kisheria na ya kanda, na kila moja iandikwe jina lake.

Metadata, yaani maelezo yanayoambatana na data, inahitajika kiasi gani? Watu wetu wanaichoka.

Wana haki ya kuichoka wakipewa fomu yenye visanduku mia. Kiwango cha kimataifa cha taarifa za kijiografia, ISO 19115, ni kipana kwa sababu kimetengenezwa kwa mahitaji yote ya dunia. Hakuna anayetakiwa kujaza kila kitu. Anzeni na maswali ambayo mgeni atauliza akilikuta faili baada ya miaka kumi: nani alikusanya, wapi, lini, kwa njia gani, kwa vizio gani, nani wa kuulizwa, na ninaruhusiwa kulitumia vipi. Jina la kuulizwa liwe la cheo au ofisi, maana watu huhama.

Jambo moja la utendaji: metadata iandikwe siku faili linapoundwa, na aliyeliunda. Ikiachwa mwisho wa mradi, huandikwa na mtu ambaye hakuwepo.

Tujenge hazina moja kuu ya kanda, au kila nchi ibaki na data zake?

Msimamo wangu ni kwamba data zibaki kwa aliyezizalisha, na kituo cha kanda kiwe na faharasa, yaani orodha ya data zipi ziko wapi, pamoja na nakala za zile chache zinazohitajika kwa viashiria vya pamoja. Sababu ni mbili. Kwanza, mwenye data ndiye anayezisahihisha. Nakala iliyopelekwa sekretarieti mwaka juzi haijui kwamba kituo namba saba kiligundulika kuwa na kifaa kibovu. Pili, wizara isiyoona manufaa ya data zake nyumbani haitaendelea kuzikusanya kwa ajili ya sekretarieti iliyo mbali.

Kituo cha kanda kinabaki na kazi kubwa: kutunza kamusi ya pamoja, kukagua ubora, kufundisha, na kutengeneza ramani zinazovuka mpaka, ambazo hakuna nchi moja itakayozitengeneza. Kituo cha Kikanda cha Ramani na Rasilimali kilichoko Nairobi, kilichoanzishwa 1975, kimeishi muda wote huo kwa sababu nchi wanachama zinapata kwake huduma zisizopatikana kirahisi nyumbani.

Isipokuwa tahadhari. Mafuriko, sumu mtoni na moto vinahitaji njia moja ya moja kwa moja na kituo kimoja chenye watu wa zamu.

Serikali yetu inaogopa kutoa data za maji. Tufanyeje?

Hofu hiyo isidharauliwe. Data za maji zinaonyesha nani anachota kiasi gani, na zinaweza kutumika kwenye mazungumzo ya kugawana mto. Ofisa anayesita kutoa faili huenda analinda kazi yake, na mara nyingi hana maandishi yoyote yanayomruhusu.

Kisheria, mwelekeo ni wazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 kuhusu mito ya kimataifa, ulioanza kutumika 2014, unazitaka nchi katika kifungu cha 9 zibadilishane data mara kwa mara. Lakini sheria pekee haifungui kabati. Kinachofungua ni hatua ndogo zinazozoeleka. Angalia Mekong. Kambodia, Laos, Thailand na Vietnam zilitia saini mkataba wao 1995, na utaratibu wa kubadilishana data ukapitishwa 2001; miaka sita, kwa nchi zilizokwisha kukubaliana. China, iliyoko juu ya mkondo na isiyo mwanachama kamili, ilianza 2002 kutoa vipimo vya maji vya msimu wa mafuriko, na 2020 ikakubali kutoa vya mwaka mzima. Ni mwendo wa polepole. Lakini tahadhari ya mafuriko ndiyo iliyofungua mlango, kwa kuwa hakuna anayeweza kutetea kumnyima jirani habari itakayookoa watu.

Kwa hiyo msianze kwa kuomba kila kitu. Gaweni data katika makundi: za wazi kwa wote, za nchi wanachama tu, na za ndani. Idara za hali ya hewa duniani zilifanya mgawanyo wa namna hiyo mwaka 1995, zikitenganisha data muhimu zinazotolewa bure na nyingine zinazoweza kuwekewa masharti, na mwaka 2021 zikapanua wigo wa zile za bure. Kundi la kwanza lenu likiwa dogo si tatizo, mradi lipo na linafika kwa tarehe.

Hati ya makubaliano nayo iwe na mambo yanayokaguliwa: data zipi, kila baada ya muda gani, kwa umbo gani, cheo gani kinazituma, na nini kitatokea zikichelewa. Hati inayosema tu kwamba “pande husika zitashirikiana” haimpi yule ofisa ruhusa aliyokuwa akiisubiri.

Zipo data zisizopaswa kuwa wazi?

Zipo. Mahali hasa walipo faru, viota vya ndege adimu au mimea inayowindwa na wafanyabiashara, hapo kuwa wazi ni kumwelekeza jangili. Desturi nzuri ni kutoa eneo kwa ukubwa wa jumla, kwa mfano mraba wa kilomita kadhaa, na kusema waziwazi kwamba limefichwa kwa makusudi ili mtafiti asidhani ndiyo usahihi wake. Mtandao wa kimataifa wa taarifa za viumbe hai, GBIF, unawapa wachapishaji mwongozo wa aina hiyo.

Kundi la pili ni maarifa ya jamii: chemchemi, misitu ya mizimu, dawa za miti shamba. Hizo si mali ya mradi hata kama mradi ndio uliozichora ramani. Jamii iulizwe kabla, iwe na sauti ya kusema hapana, na ipate nakala. Kwa ramani ambazo vijiji vimechora, nadhani hili ndilo deni kubwa ambalo kazi yetu bado haijalipa.

Siku hizi kuna setilaiti. Kwa nini tuendelee kulipia vituo vya ardhini?

Setilaiti zimebadilisha kazi hii, tena kwa sababu ya uamuzi wa sera kuliko wa uhandisi. Picha za Landsat zimepigwa tangu 1972, lakini Marekani ilipofungua hazina yote bila malipo mwaka 2008, matumizi yalipanda kutoka picha makumi kwa siku hadi maelfu. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya, nazo za bure, hupita mahali pamoja kila siku tano hivi na kuonyesha ardhi kwa vipande vya mita 10. Nchi isiyo na fedha inaweza leo kufuatilia mikoko yake au gugu maji ziwani mwake.

Ila setilaiti haipimi nitrati mtoni. Ile inayopiga picha za kawaida haioni chini ya wingu. Haijui kama kijani kile ni msitu au shamba la miti mpaka mtu aende akaangalie. Kila ramani ya setilaiti inahitaji vipimo vya ardhini vya kuithibitisha, na kanda iliyofunga vituo vyake itabaki na picha nzuri isizoweza kuzitetea mbele ya mtu anayebisha.

Mfumo unaweza kufanya kazi mahali pasipo na intaneti wala usalama?

Wa nzige wa jangwani ndio ushahidi bora. Kundi lenye ukubwa wa kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na nzige milioni 80, na upepo huwabeba kilomita 100 hadi 150 kwa siku. FAO huendesha huduma ya taarifa inayopokea ripoti za timu za nchi zilizo njiani mwao. Mpimaji huingiza kwenye tableti mahali, unyevu wa udongo, hali ya majani, umri na rangi ya nzige, na ripoti hutumwa kwa setilaiti bila kutegemea mnara wa simu. Mwaka 2020, nzige walipoenea Afrika Mashariki, yalitengenezwa haraka matoleo ya simu ya kawaida ili watu wengi zaidi waripoti.

Lakini mlipuko ule unafundisha pia upande wa pili. Mwaka 2018 vimbunga Mekunu na Luban vilileta mvua kwenye jangwa la Rub' al Khali, kusini mwa Bara Arabu. Nzige walizaliana humo vizazi vitatu bila kuonekana, kwa sababu hapakuwa na timu ya kuwaona, na vita vya Yemen vilizuia ukaguzi walipovuka kwenda huko. Kufikia mwisho wa 2019 walikuwa Pembe ya Afrika, na Kenya ilipata uvamizi ambao haikuwa imeuona kwa miaka 70. Pengo la taarifa lilikuwa mahali pamoja. Hasara ililipwa na nchi nyingi. Ndiyo maana nchi yenye uwezo inapomsaidia jirani asiye na timu, inajisaidia yenyewe.

Tununue programu gani?

Pengine msinunue. QGIS kwa ramani, PostgreSQL na PostGIS kwa kanzidata, GeoNetwork kwa faharasa na CKAN kwa kuchapisha ni programu huria zinazotumika duniani kote. Leseni ya kulipia kila mwaka hukatika mara bajeti inapoyumba. Gharama halisi ya programu huria ni mtu anayeijua, na huyo mngemhitaji hata hivyo.

Mbona hazina nyingi za data huzimika mradi unapoisha?

Kwa sababu ada ya seva, jina la tovuti na mshahara wa msimamizi vyote vilikuwa kwenye bajeti ya mfadhili. Siku mkataba unapofungwa hakuna wizara yenye fungu la gharama hizo, na kila mtu anadhani mwingine atalipa.

Tangu mwaka wa kwanza, serikali ilipe angalau sehemu ya gharama za uendeshaji, hata ndogo, na sehemu hiyo iongezeke kila mwaka. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la taasisi ya umma, si la kampuni ya mshauri. Nakala rudufu ziwekwe mahali pawili, na mtu ajaribu kuzirejesha. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa haihesabiki.

Njia nyingine ya kudumu ni kuifanya data ihitajike. Hazina inayotoa namba za ripoti ya hali ya mazingira, za bajeti na za majibu ya bungeni, italindwa na wanaozihitaji namba hizo.

Mwananchi wa kawaida ana nafasi gani?

Ana haki. Kanuni ya 10 ya Azimio la Rio la 1992 inatambua haki ya kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa mamlaka. Mkataba wa Aarhus wa 1998 uliifanya haki hiyo kuwa sheria kwa nchi nyingi za Ulaya na jirani zake, na Makubaliano ya Escazú ya 2018, yaliyoanza kutumika 2021, yalifanya vivyo hivyo Amerika ya Kusini na Karibi. Kwa utendaji, maana yake ni kwamba jedwali lipakuliwe bila kuandika barua, na maelezo yawe katika lugha ambayo wavuvi na wakulima wanaisoma.

Tuna watu watatu na bajeti ndogo. Tuanzie wapi?

Chagueni swali moja ambalo nchi zote zinalitaka jibu lake mwaka huu. Kwa mfano: mwaka huu maji ya ziwa yamepanda kiasi gani, na wapi? Tafuteni data nne au tano zinazolijibu hilo tu. Orodhesheni nani anazo. Andikeni kamusi ya vipimo hivyo, mbadilishane faili kwa barua pepe kama hamna zaidi, tengenezeni ramani moja ya pamoja, muipeleke kwa wanaoamua. Makosa mtakayoyagundua kwenye ramani hiyo yatawapa orodha ya kazi ya mwaka wa pili. Msitangaze mfumo mkubwa kabla ya hapo.

Na kumbukumbu za zamani zilizoko kwenye makaratasi?

Zishughulikieni mapema kuliko mnavyodhani, kwa sababu mchwa na unyevu havisubiri ufadhili, na kipimo cha mvua cha 1950 hakiwezi kupimwa tena. Anzeni na vituo vyenye mfululizo mrefu kuliko vyote na vile ambavyo bado vinafanya kazi, maana hivyo ndivyo vinavyoonyesha mabadiliko. Pigeni picha kila ukurasa kwanza, hata kwa simu iliyowekwa kwenye kishikio na mwanga wa dirishani, ikiwemo kurasa za pembeni zenye maandishi ya mkono: “kipimo kimehamishwa upande wa pili wa mto”, “mtunza kituo anaumwa”. Maandishi hayo hueleza mruko wa ghafla kwenye takwimu. Kisha watu wawili waingize tarakimu kila mmoja peke yake, na kompyuta ionyeshe wanapotofautiana. Picha ihifadhiwe pamoja na tarakimu zake, kwa namba ile ile ya ukurasa, na kitabu chenyewe kirudishwe kwenye sanduku kavu lililoinuliwa kutoka sakafuni.